Leta Maswali kwa Maandishi

Muulize mwandishi wa habari wa Dar es Salaam au Mwanza ni maneno gani yanamchosha kuliko yote kazini, na huenda akakujibu haya: "Leta maswali kwa maandishi." Atakwambia aliyapeleka. Barua ilipokelewa masijala, ikagongwa muhuri, akabaki na nakala yake, na wiki ya pili alipopiga simu akaambiwa bosi yuko safarini. Nenda sasa kwa afisa uhusiano wa taasisi hiyo hiyo, naye ana lake. Mwandishi alimpigia saa kumi na moja jioni akitaka ufafanuzi wa mkataba wa miaka mitatu nyuma, na asubuhi gazeti likatoka na ile sentensi ya siku zote, kwamba simu yake iliita bila kupokelewa.

Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana ugomvi huu hauishi. Utausikia kwenye semina, kwenye kikao kazi cha maafisa habari wa serikali, kwenye mikutano ya wahariri. Kinachozungumzwa kwa nadra ni kwamba wakati wao wakilaumiana, kazi iliyokuwa ikiwakutanisha imenywea. Taarifa zinazotoka maofisini kwenda kwa umma hazijawahi kuwa nyingi kama leo. Majibu yamepungua. Mtu anaweza kusoma taarifa kumi za taasisi moja kwa wiki na bado asijue kwa nini bomba la mtaani kwake halitoi maji.

Tukubaliane kwanza kwamba watu hawa wametoka nyumba moja. Shule ya Uandishi wa Habari Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1975 na kuingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003, imelea wote wawili kwenye madawati yale yale. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Nyegezi, Mwanza, ni hivyo hivyo. Na kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni jambo la zamani: Benjamin Mkapa alihariri The Nationalist, Uhuru na Daily News, kisha mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, na miaka miwili baadaye akakabidhiwa Shirika la Habari Tanzania, Shihata, liliporasimishwa. Ukirudi nyuma zaidi, Mambo Leo, gazeti lililosomwa sana Tanganyika tangu mwaka 1923, lilikuwa la serikali ya kikoloni yenyewe. Anayesimulia kwamba zamani tulikuwa na waandishi huru ambao wasemaji wa serikali walikuja kuwaharibia kazi anasimulia historia ya nchi nyingine.

Uhusiano ninaouona ukififia ni mchanga kuliko hapo. Ulianza miaka ya tisini, magazeti binafsi yalipochipuka, ITV na Radio One zikaingia hewani mwaka 1994, na mwaka uliofuata wanahabari wakaunda Baraza la Habari. Ghafla ofisi za umma zikajikuta na magazeti ambayo haziwezi kuyapigia simu na kuyaelekeza. Baadaye serikali ikaanzisha Vitengo vya Mawasiliano Serikalini katika wizara zake. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, nayo ilikuwa na maana: mwananchi au mwandishi akiwa na swali, ajue mlango wa kugonga.

Kwa miaka kadhaa mlango huo uligongwa kweli. Katika sakata la Richmond, mkataba wa mwaka 2006 wa umeme wa dharura wa megawati 100, ofisi zilikanusha, magazeti yakauliza tena, ofisi zikafafanua, magazeti yakarudi na nyaraka. Kamati ya Bunge ya Dk. Harrison Mwakyembe ilipowasilisha ripoti yake Februari 2008 na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, msomaji wa kawaida alikuwa tayari anaifahamu kesi ile kwa majina na tarehe. Sitaki kuupamba wakati ule. Mwezi mmoja kabla ya kujiuzulu huko, Saed Kubenea na Ndimara Tegambwage wa MwanaHalisi walivamiwa ofisini kwao, wakakatwa mapanga na kumwagiwa kemikali. Mwaka 2012 gazeti hilo lilifungiwa kwa muda usiojulikana. Hata hivyo afisa uhusiano wa siku zile alijua jambo moja: akimdanganya mwandishi leo, kesho mwandishi yule yule atapiga simu tena, na atakuwa amesoma.

Huyo mwandishi wa kupiga tena ndiye aliyeondoka kwanza. Chumba cha habari kilikuwa na mtu wa nishati, mtu wa afya, mtu wa Bunge. Mtu wa nishati alijua tofauti ya mtambo ulioharibika na mtambo uliokosa gesi, na afisa wa shirika la umeme hakuweza kumpa jibu la jumla akaridhika. Leo kijana mmoja anaanza asubuhi mahakamani, mchana yuko kwenye mkutano wa klabu ya mpira, jioni anamsikiliza waziri akizungumzia sera ya madini, na kati ya hapo anatakiwa kuweka video tatu mtandaoni. Anauliza nini? Kwenye mikutano mingi utasikia swali la kwanza likiwa: "Mheshimiwa, nini wito wako kwa wananchi?" Maafisa habari hulicheka swali hilo wakiwa peke yao, nao wana haki ya kulicheka. Lakini wao ndio waliotangaza mkutano dakika arobaini kabla, bila kusema unahusu nini.

Fedha ndiyo mzizi wa mengi. Sehemu kubwa ya habari za mikoani Tanzania huletwa na waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa habari iliyotoka, malipo ambayo mara nyingi hayafiki hata nauli ya kuifuata. Nairobi, ambako waandishi walikuwa na ajira za uhakika zaidi, vyombo vikubwa vimepunguza watu awamu baada ya awamu. Matangazo yamehamia kwenye mitandao, wanunuzi wa magazeti wamepungua, na mwenye chombo akitafuta pa kukata huanza na safari za kutafuta habari.

Mikoani pengo hilo limezibwa na gari la msafara. Kila mwandishi wa mkoani anaijua ziara ya mkuu wa mkoa. Mnakutana saa kumi na mbili asubuhi nje ya ofisi. Gari la waandishi ni la mwisho kwenye msafara, kwa hiyo vumbi lote ni lenu. Mnafika shuleni, mtendaji anasoma taarifa ya mradi: vyumba vya madarasa vingapi, fedha kutoka serikali kuu kiasi gani, nguvu za wananchi kiasi gani. Utepe unakatwa, ngoma inapigwa, picha zinapigwa. Pembeni kuna mama amenyanyua mkono tangu mwanzo, anataka kusema kitu kuhusu michango, na mwandishi amemwona. Ila magari yameshawashwa. Akibaki, hakuna basi mpaka kesho, hakuna atakayemlipia gesti, na saa mbili usiku mhariri anataka habari. Anapanda. Usiku anaandika alichonacho, nacho ni ile karatasi ya mtendaji, ambayo afisa habari amekwisha kuituma pia kwenye kundi la WhatsApp pamoja na picha sita. Kesho yake magazeti matatu yanatoka na aya ya kwanza inayofanana, pamoja na kosa la jina la kijiji lililokuwa kwenye karatasi.

Naona hapo ndipo madhara yalipo, kuliko kwenye bahasha inayosemwa sana. Bahasha ipo, ya nauli, ya vocha, mshiko, ipewe jina lolote. Maadili ya Baraza la Habari yanaikataza, na wote wanajua yanaikataza. Nayo haiko tena chini ya meza. Afisa habari anaomba masurufu, anawapanga waandishi mstari, wanasaini fomu, anarejesha masurufu na viambatisho vyake, na mkaguzi wa ndani anaona kila kitu kiko sawa. Tukiendelea kuiita tabia mbaya ya waandishi wachache tutakuwa tunajidanganya, kwa sababu kuna ofisi zenye kifungu cha bajeti kwa ajili hiyo na kuna vyombo vya habari vinavyojua kwamba mwandishi wao anaishi kwa hicho kifungu, vikanyamaza kwa kuwa kinawapunguzia mshahara wa kulipa. Ni kweli wapo pia makanjanja wasio na chombo chochote, wanaovizia mikutano ya hotelini, na wapo wahariri wenye mishahara mizuri ambao bahasha zao hazipiti kwenye fomu. Maafisa uhusiano wanapolalamika kuhusu kundi hili, nawaelewa. Anayekuja hotuba imekwisha, akachukua nakala, akala chakula na kuulizia "utaratibu", amewavunjia heshima wenzake wote waliokaa.

Tugeukie sasa upande wa pili, maana kuporomoka kwake kumeandikwa kidogo.

Afisa habari aliajiriwa apokee maswali. Lakini katika utumishi wa umma mtumishi hasemi na vyombo vya habari bila idhini, na msemaji wa taasisi ni mkuu wake. Matokeo yake mwandishi anaelekezwa kwa mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuulizwa na ambaye hana ruhusa ya kujibu. Yeye huandaa rasimu, rasimu hupanda kwa mkurugenzi, jambo likiwa zito hupanda wizarani, na ikirudi imeshapoteza kila namba iliyokuwa ndani yake. Mwandishi anapopokea aya mbili zisizosema kitu, anadhani afisa amemdharau. Mara nyingi hata afisa mwenyewe hajui. Zamani kidogo alikuwa akiingia kwenye vikao vya menejimenti, walau akae nyuma asikilize. Siku hizi taasisi nyingi zinamhitaji nje ya kikao, akiwa na kamera.

Mitandao ya kijamii ndiyo iliyomfikisha hapo. Taasisi ikishakuwa na ukurasa wake wa Instagram na televisheni yake ya YouTube, haimhitaji mwandishi kuwafikia watu, na anayemhitaji ni yule tu anayetaka kuulizwa, ambaye ni nadra. Bosi anataka picha iwe imepanda kabla hajarudi kwenye gari. Utendaji wa afisa habari unapimwa kwa idadi ya machapisho na wafuasi. Nimewasikia maafisa wazoefu wakisema wamegeuzwa wapiga picha wa wakubwa, na hawasemi kwa majivuno. Siku mtambo unapolipuka au watoto wanapougua shuleni, mtu huyo hana taarifa, hana mamlaka, na hana mwandishi hata mmoja anayemwamini kiasi cha kumwambia, "Subiri nusu saa, nakutafutia ukweli," akasubiriwa.

Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, video za simu kutoka ufukweni zilishaizunguka nchi kabla taarifa rasmi haijapangwa vizuri, na hesabu ya waliookolewa ilibadilika siku hiyo hiyo. Watu kumi na tisa walifariki. Katika saa za mwanzo, aliyetaka kujua kinachoendelea hakuwa na sababu ya kumtafuta afisa habari wala ya kulisubiri gazeti. Aliangalia simu yake, akaona wavuvi wakivuta kamba.

Kuna wakati pia ambao hata uhusiano mzuri kiasi gani usingefaa kitu. Tanzania iliacha kutangaza takwimu za corona mwaka 2020, zikiwa zimefika wagonjwa 509, vifo 21. Namba hizo zikakaa hapo hapo, mwaka ukapita, mpaka serikali mpya ilipoanza tena kutoa takwimu mwaka 2021. Afisa uhusiano wa hospitali aliyepigiwa simu Januari 2021, watu wakizika mfululizo, angesema nini? Wengi walizima simu. Kabla ya hapo, marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalikuwa yamefanya kuwa kosa, lenye faini isiyopungua shilingi milioni kumi au kifungo, kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi. Kipengele hicho kiliondolewa mwaka 2019, ila mazoea hayafutwi na tangazo la Gazeti la Serikali. Mwandishi alijifunza kutouliza namba, afisa alijifunza kutozitunza karibu.

Kusimamishwa na kufungiwa kwa magazeti kunaingia pia katika hesabu za mhariri. Mawio, Mseto, MwanaHalisi na Tanzania Daima yalipoteza leseni kwa nyakati tofauti kati ya 2016 na 2020, yakarudishiwa Februari 2022. Gazeti lililokaa nje kwa miaka halirudi na waandishi wake, na lililosalia mtaani limejifunza kutoka kwa jirani. Mbele ya hofu hiyo taarifa kwa vyombo vya habari ina faida moja kubwa: haimpeleki mtu mahakamani. Imekuja na nembo, saini na muhuri. Ukiichapisha ilivyo, kosa si lako.

Halafu kuna tangazo, ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini kuliko bahasha ingawa lina nguvu mara mia. Serikali na mashirika yake ni mteja ambaye magazeti mengi ya Afrika Mashariki hayawezi kuishi bila yeye. Katika taasisi nyingi anayesimamia bajeti ya matangazo ni yule yule anayesimamia mahusiano na waandishi. Hahitaji kutisha. Anapiga simu kwa meneja wa biashara, anauliza kama ule ukurasa wa maadhimisho bado upo, na kwa kupitia tu anataja ile habari ya Jumanne. Tanzania kuna madeni ya matangazo ambayo serikali yenyewe imeyakiri na kuahidi kuyalipa, na mdai hana kawaida ya kumgombeza mdaiwa anayetarajia kumlipa wiki ijayo. Kenya ilikusanya matangazo yote ya serikali chini ya wakala mmoja mwaka 2015, ikaanzisha jarida lake la MyGov, na Machi 2024 ukatolewa mwongozo kwamba matangazo ya redio na televisheni yapelekwe shirika la utangazaji la taifa, KBC, pekee. Baada ya hapo ni vigumu kumshawishi mhariri wa Nairobi kwamba afisa mawasiliano wa wizara ni mwenzake katika taaluma.

Sekta binafsi ina ugonjwa wake mwepesi zaidi, nitaupitia haraka. Makampuni ya uhusiano yanayohudumia mabenki na mitandao ya simu huwaonyesha wateja wao thamani ya kazi kwa kupima nafasi ambayo habari imechukua gazetini, kisha kuizidisha kwa bei ya tangazo. Wanataaluma wenzao waliokutana Barcelona mwaka 2010 walitamka wazi kwamba hesabu hiyo haipimi thamani ya mawasiliano. Bado inapigwa. Ndiyo inayomfanya binti wa kampuni ya uhusiano ampigie mhariri mara nne kwa siku moja kuuliza, "Vipi, kaka, itatoka lini?" kuhusu makabidhiano ya madawati thelathini. Mhariri anamkatia simu, kumbe yule naye ana bosi anayehesabu sentimita.

Wenzetu wa mbali hawako salama, na hilo linasaidia kuona kwamba si unyonge wa Kiafrika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff waliyachambua magazeti makubwa ya Uingereza, na kazi yao ikatumiwa na mwandishi wa habari Nick Davies katika kitabu chake cha mwaka 2008: asilimia 60 ya habari zilizochunguzwa zilitokana zote au kwa sehemu kubwa na mashirika ya habari na taarifa za watu wa uhusiano. Marekani, kwa hesabu za kituo cha utafiti cha Pew, mwaka 2013 kulikuwa na karibu watu watano wa uhusiano kwa kila mwandishi mmoja. Huko huko Marekani ndiko inakosemwa kwamba taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari iliandikwa. Oktoba 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini Atlantic City, na Ivy Lee, aliyeajiriwa na kampuni, akawaandalia waandishi maelezo ambayo New York Times iliyachapisha yalivyo. Sehemu ya hadithi hiyo inayosahauliwa ni kwamba aliishawishi kampuni iwapeleke waandishi eneo la ajali wakajionee. Karatasi ilikuja pamoja na safari. Sisi tumebaki na karatasi, na pale tulipobaki na safari, ni ile ya msafara.

Huku kwetu kuna jambo jingine ambalo takwimu za Marekani haziwezi kulionyesha. Waandishi wetu mahiri huhamia upande wa pili wakiwa katika kilele cha uwezo wao. Kanze Dena alitoka kusoma habari za Kiswahili Citizen TV akaenda kuwa msemaji wa Ikulu ya Nairobi mwaka 2018. Hussein Mohamed, aliyewahi kuwabana wanasiasa kwenye televisheni hiyo hiyo, akashika nafasi hiyo mwaka 2022. Mwaka huo huo Zuhura Yunus alitoka BBC London kwenda Ikulu ya Dar es Salaam kuongoza Mawasiliano ya Rais. Gerson Msigwa, msemaji mkuu wa serikali ya Tanzania kwa vipindi zaidi ya kimoja, aliwahi kufanya kazi TBC. Simlaumu yeyote kati yao. Mshahara ni mshahara, na nchi inahitaji wasemaji wanaojua kuzungumza. Lakini kila mmoja anayeondoka anaacha kiti ambacho hakijazwi na mtu wa kimo chake, na huko aendako anakutana na kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi. Kijana anapiga simu: "Shikamoo, bosi." Baada ya shikamoo hiyo swali gumu linahitaji ujasiri ambao vyuo vyetu havifundishi. Litaulizwa kwa upole, litajibiwa kwa upole, na kabla ya kukata simu mzee atamuuliza hali ya nyumbani.

Sheria ingeweza kuwa njia ya kuupita upole huo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ijibu ombi ndani ya siku 30. Sheria ya Kenya ya mwaka huo huo inatoa siku 21, na saa 48 kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu. Kwa gazeti linalofunga kurasa jioni, siku thelathini ni milele. Ndiyo sababu vyumba vya habari vinaitumia sheria hii kidogo mno, na walioielewa haraka zaidi ni maafisa. "Leta maswali kwa maandishi," ambayo kwa mwandishi makini ingekuwa mwanzo wa haki yake kisheria, imekuwa namna ya heshima ya kumfukuza. Mwandishi anayerudi siku ya thelathini na moja, na barua yake yenye muhuri, akataja kifungu, bado anashangaza ofisini. Afisa mmoja aliwahi kunieleza kwamba watu wa namna hiyo wanampa kazi nyingi, na kwamba ndio pekee wanaomfanya mkurugenzi wake aitishe faili.

Kuna kipindi kimoja cha mwaka ambapo faili huitishwa bila kusubiri barua. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwasilishwa bungeni Aprili. Ni maelfu ya kurasa, na zina kila kitu ambacho mwandishi amekuwa akinyimwa: mkataba, kiasi, tarehe, jina la taasisi. Kwa siku kadhaa vyumba vya habari hugawana sura, mtu anapewa halmashauri, mwingine mashirika ya umma, mwingine miradi ya maendeleo, na wanasoma usiku. Simu zinazopigwa siku hizo haziombi wito kwa wananchi. Afisa uhusiano naye hubadilika. Hawezi kusema jambo halipo, kwa sababu limeandikwa na serikali yenyewe. Anaulizia ukurasa, anaomba saa mbili, anakimbilia ofisi ya mhasibu mkuu, na akirudi ana jibu lenye namba ndani yake, hata kama ni la kujitetea. Nimewasikia watu wa pande zote mbili wakiukumbuka mwezi huo kama wakati ambao wamechoka kuliko mwingine wowote na hawakuwa na nafasi ya kulalamikiana. Mei ikianza, bajeti za wizara zinasomwa Dodoma, viambatisho vya mafanikio vinamiminika kwenye makundi ya WhatsApp, na mtu wa sura ya mashirika ya umma anarudishwa kwenye mpira.